Aliyepokea Zamu ya Saa Tisa

Pilipili ni mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Jina hilo tulimpa nyumbani akiwa darasa la pili, siku alipomrushia mwalimu kifutio cha ubao kwa kuwa ameitwa mwongo na hakuwa amesema uongo. Hasira zake ziko karibu, lakini kudanganya hajui. Kwa hiyo alichonieleza nimekiandika kama kilivyo, na pale ambapo hakuwepo nimemuuliza kijana aliyekuwa naye. Asiyetaka kuamini simshiki shati.

Alikwenda nchi ya watu kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba ya ghorofa tatu, kuta rangi ya maziwa, korido ndefu zenye mbao za kushikilia pande zote mbili, harufu ya sabuni na supu asubuhi mpaka jioni. Yeye alipewa chumba nyuma ya chumba cha kufulia. Mashine zikianza kuzunguka alfajiri kitanda chake kinatetemeka, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kumwamsha.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Kuamsha wazee, kuwaosha mgongo, kuwakata kucha, kuwavisha soksi.

"Kaka, we acha tu," aliniambia kwenye simu. "Mvishe soksi mtu mzima ambaye hataki kuvishwa, ndiyo utajua Mungu yupo."

Kulikuwa na mzee mmoja wa kiti cha magurudumu aliyekuwa akiiba vijiko vya wenzake na kuvificha kwenye sweta. Kila baada ya chakula lazima umpekue kama polisi, naye anacheka mpaka meno ya bandia yanacheza mdomoni.

Mwezi wa kwanza Pilipili aliongea kwa mikono, maana lugha ya pale ilikuwa haiingii kichwani. Aliyemtoa kwenye ububu huo ni bibi mmoja wa ghorofa ya chini, fundi cherehani wa zamani, ambaye wote walimwita Mshonaji. Bibi alikuwa na kopo la vifungo. Kila alasiri alivimwaga juu ya blanketi na kuanza kufundisha: kimoja, viwili, chekundu, kikubwa, chako, changu. Ukikosea unapigwa kofi dogo la kiganja. Kufika mwezi wa nne Pilipili alikuwa anaweza kugombana kwa lugha ile bila kukwama, na Mshonaji alikuwa anamwita mjukuu.

Mwenzake wa kutoka nyumbani alikuwa mmoja tu, kijana mrefu kupita kiasi ambaye Pilipili alimbandika jina la Ngongoti. Katika nyumba nzima ni wao wawili peke yao waliojua Kiswahili. Ngongoti alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye huruma kwa wazee. Ila kwake saa ya mkononi ilikuwa pambo.

Sasa, ghorofa ya tatu.

Huko walipelekwa wale ambao daktari amekwishanyoosha mikono. Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa kwamba mtu akifika hatua hiyo haachwi peke yake hata dakika moja. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kizito cha mbao, mgongo wake umeelekea mlangoni. Muda wote lazima awepo mtu amekikalia, amemshika mgonjwa mkono. Zamu zilikuwa za saa tatu tatu, na kupokezana kulikuwa na masharti yake. Anayeingia anasema, "Niachie." Aliyekaa anageuka, anamtazama usoni, anasema, "Nakuachia." Mwenzake anajibu, "Nimepokea." Hapo ndipo wa kwanza anainuka. Pilipili na Ngongoti waliyasema maneno hayo kwa Kiswahili, huku wanazuia kicheko kama watoto wanaocheza mchezo wa harusi.

Siku ya kwanza Pilipili alimuuliza Matroni, mwanamke mkavu, mwembamba, asiyepoteza neno.

"Kwa nini mpaka tutazamane? Sisi si wachumba."

Matroni hakucheka. "Ili ujue unamwachia nani," alisema, akaenda zake.

Mwezi wa saba Mshonaji akapandishwa ghorofa ya tatu. Mapafu yalikuwa yamechoka. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aliyekuwa akiishi mbali, naye alikuwa ameshapigiwa simu na yuko njiani, atafika kesho yake saa kumi na mbili jioni. Mshonaji alimvuta Pilipili mkono mpaka sikio lake likafika mdomoni mwake.

"Mjukuu wangu. Siogopi kwenda. Naogopa kwenda nikiwa na mtu nisiyemjua. Mpaka mwanangu afike, usinitupe."

"Sikutupi, bibi."

"Sema tena."

"Sikutupi."

Kesho yake zamu ya Pilipili ilikuwa saa sita mpaka saa tisa. Baada yake ni Ngongoti, mpaka binti afike. Asubuhi wale wawili walikuwa wamekwishakwaruzana kwenye beseni la kunawia, kwa sababu wiki hiyo yote Ngongoti alimpokea kwa kuchelewa.

"Leo nina simu na mama saa tisa na robo," Pilipili alimwambia. "Ukichelewa leo, wewe mrefu, nitakukata miguu hiyo ulingane na binadamu wengine."

"Dada, saa tisa kamili utaniona mlangoni nimesimama kama mlingoti."

Saa tisa ikafika. Mlangoni hakuna mtu.

Nje kulikuwa na manyunyu. Mwanga wa alasiri uliingia dirishani, mweupe, wa kawaida, hauna kivuli. Mshonaji alikuwa amefumba macho, mkono wake umelala ndani ya mkono wa Pilipili kama kitambaa. Saa tisa na dakika kumi. Na robo. Pilipili alimwona mama yake kule nyumbani amekaa na simu mapajani, anasubiri. Saa tisa na nusu alikuwa anauma meno.

Mlango ukafunguka nyuma yake.

Alisikia viatu vya mpira kwenye sakafu. Kwi, kwi, kwi. Vikasimama nyuma ya kiti. Hakugeuka. Aliapa moyoni kwamba leo uso wa Ngongoti hautazami, amesusa, ajue kuwa amekasirikiwa.

Mshonaji akafumbua macho. Aliangalia juu ya bega la Pilipili. Vidole vyake vikakaza ghafla, kwa nguvu ambazo bibi yule hakuwa nazo tangu juzi. Pilipili alidhani ni maumivu.

"Niachie," sauti ilisema. Kwa Kiswahili.

Nani mwingine angesema kwa Kiswahili?

"Eti leo ndiyo umekumbuka kuna kazi?" Pilipili alifoka, macho bado yako kwenye blanketi. "Haya, nakuachia. Kaa na kiti chako!"

"Nimepokea."

Alivitoa vidole vya bibi mkononi mwake. Ilibidi avitoe kimoja kimoja. Akainuka, akapita pembeni ya kiti ameinamisha uso kwa hasira, na kitu pekee alichokiona ni viatu: vyeupe, vya kazi, vimepangwa sambamba kama viko dukani.

Alikuwa amefika kwenye ngazi ya tano ndipo akili ilipomrudia. Ngongoti anavaa namba arobaini na sita. Vile viatu vilikuwa vidogo. Vilikuwa vidogo kama vyake yeye.

Na chini ya ngazi, anapanda mbiombio, amelowa mvua, koti liko bado mwilini, alikuwa Ngongoti.

"Dada nisamehe, najua, najua, usiseme kitu, lile geti la nyuma limeni..."

"Umetoka wapi?"

"Nje. Kwani vipi?"

"Nimekuachia sasa hivi," Pilipili alisema. "Nimekuachia zamu. Umejibu."

Ngongoti alianza kucheka. Kisha akamwangalia vizuri, akaacha.

Walipanda wakikimbia. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Walichungulia.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wa kukalia, ulioonekana kati ya mbao za mgongo, ulikuwa umebonyea katikati, na haukuwa unarudi juu. Mshonaji alikuwa amelala chali, macho wazi, midomo inatetemeka bila sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu ya blanketi, unaning'inia hewani, haujashikwa na kitu. Na vidole vilikuwa vimebanwa. Ngozi ilikuwa inapauka pale pale ambapo ingepauka kama mtu angekuwa anamminya.

"Nani kakaa pale?" Ngongoti alinong'ona.

Mto ulisogea kidogo. Kama mtu aliyesikia anatajwa.

Ngongoti ndiye aliyekwenda kumwita Matroni. Pilipili alibaki mlangoni, macho kwenye ule mkono. Matroni alikuja bila kukimbia, akasimama koridoni, akatazama ndani mara moja tu, kisha akavuta mlango taratibu.

"Ulimtazama usoni?"

"Hapana."

"Maneno uliyasema?"

"Niliyasema."

"Akajibu?"

Pilipili alitikisa kichwa kukubali. Matroni aliegemea ukuta. Alionekana amezeeka ghafla.

"Imetokea mara mbili tangu nianze kazi hapa," alisema. "Huyo akishika, mgonjwa hamalizi zamu. Ataondoka kabla ya saa kumi na mbili. Na hivyo wanavyoondoka... Yule wa pili tulishindwa kumfumba mdomo. Tulimzika hivyo hivyo."

"Kwa nini hamkukitoa hicho kiti? Mnakaa na kitu kama hicho, mnatuletea masharti nusu nusu, hamsemi kweli!" Pilipili alikuwa analia na kufoka kwa pamoja.

"Tulikitoa, binti. Tulikichoma moto uani." Matroni aliteremsha sauti. "Akakaa kitandani. Tukaona heri awe na kiti."

Ndani ya chumba kitanda kililia, ngiii, kama mtu ameinama juu yake kusikiliza.

"Binti yake anakuja," Pilipili alisema. "Nilimwambia sitamtupa. Nifanye nini?"

"Aliyetoa ndiye anayeweza kuomba arudishiwe. Unaingia peke yako. Unasema niachie. Lakini safari hii lazima umtazame usoni."

"Ana uso?"

"Sijui," Matroni alisema. "Kwa wale wawili hakuna aliyethubutu kuingia."

Ngongoti alimshika mkono. "Dada, usiende. Wewe mgeni hapa, hata si ndugu yako."

Pilipili aliniambia kuwa neno hilo ndilo lililomwingiza. Hasira zilimpanda tena, safari hii kwake mwenyewe. Alijitoa mkononi mwa Ngongoti, akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa vile vile. Manyunyu dirishani. Glasi ya maji mezani. Baridi ilikuwa imetambaa chini, mpaka magotini tu. Alitembea. Hatua moja. Nyingine. Alipita ubavuni mwa kiti, amekaza macho sakafuni, akazunguka mpaka akasimama kati ya kiti na dirisha.

Aliviona viatu.

Alipandisha macho polepole. Soksi za kijivu. Magoti. Aproni. Kwenye aproni palikuwa na doa la chai, umbo la ndizi, doa alilojimwagia yeye asubuhi ile. Akajitazama. Doa lake lilikuwepo. La pili lilikuwa kule. Akaona mkono uliomshika bibi. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umepasuka, kama wake.

"Niachie," alisema.

Mkono ule haukulegea.

"Niachie!"

Akapandisha macho yote.

Uso ulikuwa wake. Lakini ulikuwa kama umetengenezwa na mtu aliyesimuliwa tu, hajawahi kumwona. Macho yako mahali pake. Pua iko mahali pake. Kovu la nyusi lipo, ila upande usio wake. Na hakuna kilichokuwa kinasogea. Haupepesi. Haupumui.

Kisha mdomo ukafunguka.

"Eti leo ndiyo umekumbuka kuna kazi?" ulisema, kwa sauti ya Pilipili, kwa ukali ule ule, neno kwa neno. "Haya, nakuachia. Kaa na kiti chako."

Alimwangalia usoni, hakukwepa, akalazimisha neno litoke.

"Nimepokea."

Alipopepesa kiti kilikuwa kitupu. Mto ulipanda juu, fuu, kama unapumua. Alikaa kabla mtu mwingine hajakaa. Mbao zilikuwa za baridi, mto umelowa. Aliushika mkono wa bibi uliokuwa hewani akaushusha kwenye blanketi. Kwenye ngozi palikuwa na alama nne nyeupe.

"Ni wewe?" Mshonaji alinong'ona.

"Ni mimi, bibi."

"Kweli ni wewe?"

Pilipili alihesabu kwa lugha ya bibi mpaka kumi, akakosea sita makusudi. Kofi dogo, dhaifu, likagusa kiganja chake. Bibi akashusha pumzi.

"Na yule?"

"Ameondoka."

Mshonaji alitazama juu ya bega lake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hajaondoka, mjukuu wangu. Amesimama nyuma yako."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Zilibaki saa mbili na dakika tano, na zote alizikaa. Hakugeuka. Kila baada ya muda viatu vilisogea. Kwi. Mara kushoto, mara kulia. Kila baada ya muda, kitu kiliinama mpaka nywele za shingoni mwake zikasimama, na sauti ikasema, "Niachie." Mara ya kwanza kwa sauti ya Ngongoti. Mara ya pili kwa sauti ya Matroni. Saa kumi na moja na nusu ilisema kwa sauti ya mama yake, ile ya kwenye simu, ya upole: "Mwanangu umechoka. Niachie." Hapo ndipo alipolia. Lakini hakujibu, na mkono hakuuachia. Bibi alikuwa anapumua kwa shida, anapumzika, anapumua tena. Kila akifumbua macho anamkuta.

Saa kumi na mbili na dakika chache mlango ulifunguka, ikaingia harufu ya mvua na ya safari. Mwanamke wa makamo, sanduku bado liko mkononi, alisema neno moja tu kwa lugha ya pale.

"Mama."

Pilipili aligeuka. Alimtazama usoni, kamili, macho kwa macho. Uso ulikuwa unasogea. Ulikuwa unalia, pua imekuwa nyekundu. Nyuma yake hakukuwa na mtu mwingine.

"Nakuachia," Pilipili alimwambia.

Yule mwanamke hakujibu. Angejuaje? Alidondosha sanduku, akapiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake akauweka shavuni. Pilipili alisubiri jibu kidogo. Aliona si wakati wa kumfundisha mtu taratibu za kazi huku mama yake anakata roho. Akainuka polepole. Mshonaji alimtazama, akamkonyeza. Ndiyo, alimkonyeza.

Bibi aliondoka jioni hiyo hiyo, taa za korido zikiwa ndiyo zinawashwa. Binti yake alisema alilala tu. Mdomo ulikuwa umefumbwa, na uso ni wa mtu aliyemaliza kushona gauni gumu.

Pilipili alimalizia miezi yake ghorofa ya chini, akarudi nyumbani. Alikuwa mzima. Amekonda kidogo, amepunguza ukali, tukamtania kwamba pilipili imekuwa hoho. Haya yote alinieleza wiki ya tatu, tumekaa jikoni kwao, yeye anachambua mchele.

Tukiwa pale simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Ngongoti, ambaye aliongeza mwaka mwingine. Alieleza kuwa Matroni sasa ameweka daftari pale ghorofa ya tatu: anayekalia kiti anaandika jina na saa, na anapotoka, aliyempokea anaandika jina lake kando. Ameleta na picha ya ukurasa mmoja. Chini yake ameandika: "Dada, ulisema umefika salama. Niambie tena uko wapi."

Nilimwona Pilipili anaacha kuchambua. Alinipa simu.

Siku kumi na tisa mfululizo, mstari wa saa tisa, lilikuwepo jina lake. Jina lake la ukweli, sio hili letu la utani. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kulala kushoto, hata mimi naujua. Siku ya kwanza ilikuwa ni ile aliyopanda ndege kurudi. Ya mwisho ilikuwa leo.

Akachukua kalamu ya mama yake, akaandika jina lake nyuma ya bahasha, tukalinganisha. Herufi kwa herufi.

Ngongoti alituma maneno mengine. "Wazee wanamsifu. Wanasema ana hasira kidogo, lakini hamwachii mtu mkono."

Mama mdogo aliingia, akatuuliza mbona tumenyamaza kama tumemwagiwa maji. Pilipili alikuwa ameikuza ile picha mpaka ikajaa kioo, anashuka nayo kwa kidole upande wa pili wa ukurasa, kule aliyempokea anakoandika jina lake. Alishuka mistari yote kumi na tisa, anatafuta lile jibu ambalo binti wa Mshonaji hakulitoa. Hakukuwa na jina hata moja.